Sauti Inayoanza Yenyewe: Utangulizi wa Taaluma ya Tafsiri ya Filamu, kwa Kuanzia Ngara na Biharamulo

Wanaoingia katika taaluma ya tafsiri ya filamu hukaribishwa kwa nadharia, kisha kwa mifano ya Ulaya, na mwishoni hupewa kipande cha dakika mbili wakiandikie manukuu. Utangulizi huu unaanzia mahali pengine, kwenye jambo ambalo vitabu vingi hulimaliza kwa aya moja: filamu inapowashwa, ni sauti ipi inayotoka kabla mtu hajagusa rimoti? Na maandishi ya chini, yanajitokeza au yamejificha? Kama yamejitokeza, ni ya lugha gani?

Ukilitazama haraka utasema ni jambo la mafundi. Lakini kuna mtu aliyekwisha kulijibu kwa niaba ya mtazamaji: aliyetengeneza faili, aliyejaza flashi dukani, mwenye banda la video, au kiwanda kilichounda televisheni. Watazamaji wengi hawabadilishi walichokikuta. Anayeamua sauti ya kuanzia, basi, ana nguvu kuliko mtafsiri mwenyewe, na bado taaluma yetu, iliyotumia miaka mingi kupima uzuri wa tafsiri, imemtazama mtu huyu kwa nadra sana. Yeye ndiye ninayetaka mumfuate.

Kwa nini Ngara na Biharamulo, na si Dar es Salaam walikokuwa watafsiri mashuhuri? Kwa sababu programu za kuchezea video zimejengwa juu ya dhana kwamba nyumba ina lugha moja, na lugha hiyo inajulikana. Katika wilaya hizi mbili za Kagera dhana hiyo haifiki mbali. Ngara inapakana na Rwanda pale Rusumo na Burundi pale Kabanga. Wahangaza na Washubi wanasikilizana na Warundi, Wanyarwanda na Waha bila mkalimani. Ukishuka Biharamulo unawakuta Wasubi, Wazinza, Waha na Wahaya, pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Nyakanazi, njia panda ya magari ya Kahama, Kigoma na Rusumo, hulaza madereva wa nchi kadhaa kwa usiku mmoja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote, ila hakiwi lugha ya kwanza ya kila aliyeketi kwenye benchi.

Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benako ikawa mji. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo Ngara, ikatangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Naitaja redio katika kitabu cha filamu kwa makusudi. Redio haina njia kadhaa za sauti za kuchagua, ina saa. Msikilizaji wa Kirundi husubiri zamu yake, na anayepanga ratiba ndiye anayeamua nani asubiri. Faili la video liliahidi kuondoa kusubiri huko, kwa kuweka sauti zote pamoja ili kila mtu achukue yake. Ahadi hiyo imetimia nusu.

Historia ya kuchagua sauti ya filamu kwetu ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu wa kikoloni uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukiongozwa na L. A. Notcutt kwa fedha za Carnegie. Ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi zilizo kusini mwa hizo. Picha zilikuwa kwenye mkanda na maneno kwenye sahani ya santuri, mbali na picha. Maudhui yalikuwa na kiburi cha zama zile, na sina haja ya kuyatetea. Ila mpangilio wenyewe unastahili kuangaliwa: picha ileile ingeweza kuchezwa na sahani ya Kiswahili leo na ya lugha nyingine kesho, kwa kubadilisha sahani tu. Uamuzi wa lugha ulikuwa mikononi mwa mtu wa lori.

Baada ya hapo picha na sauti vikaunganishwa kwenye mkanda mmoja, na nafasi ya kuchagua ikafungwa. Ilikuja kufunguliwa tena na mtu mwenye kipaza sauti. Japani ilikuwa nao zamani, wale walioitwa benshi, wakati filamu hazina sauti. Ufaransa na Quebec nako walikuwako wasimulizi wa namna hiyo. Kwetu waliibuka kwenye mabanda ya video, na filamu zikiwa na sauti tele. Uganda wanaitwa VJ, na VJ Jingo ni jina linalojulikana hata kwa asiyejua Kiganda. Kenya wana DJ Afro. Tanzania ilikuwa na marehemu Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa kwenye kanda na baadaye kwenye diski. Mwanaanthropolojia Matthias Krings, aliyeandika kwa kina juu ya wasimulizi hawa, aliipa makala yake jina linalozungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Birgit Englert naye aliandika juu yao mwaka 2010. Anzeni na hao wawili, kisha rudini kwenye vitabu vya jumla.

Sikilizeni kazi ya msimulizi kwa sikio la fundi. Anapunguza sauti ya wahusika, anazungumza juu yake, anamtambulisha stelingi na adui, anaeleza kisa kilichotangulia, anatania, na mahali pasipo na maneno anaongeza yake. Anaporekodi, sauti yake na ile ya asili hukorogwa pamoja kuwa njia moja. Kuanzia hapo hakuna rimoti itakayoitenganisha. Mtazamaji anapata Kiswahili kuanzia sekunde ya kwanza bila kubonyeza chochote, na kwa gharama hiyohiyo anapoteza sauti ya waigizaji moja kwa moja. Wakosoaji wa mijini hulalamikia utani na nyongeza. Mimi nadhani hasara kubwa ni ile ya kukoroga. Utani ni sanaa, na sanaa haihitaji kuombewa radhi.

Televisheni ilichukua njia nyingine. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyoingizwa sauti za waigizaji wa Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Azam wakafuata na tamthilia za Kituruki. Kiswahili cha kazi hizo ni kisafi na cha studio, na mtazamaji wa kawaida hana pa kuisikia sauti ya awali. Kwa upande huo, studio ya kisasa na banda la mabati vimefanana kuliko vyote viwili vinavyopenda kukiri.

Sasa tuingie ndani ya faili, kwa sababu mwanafunzi asiyeweza kulifungua atabaki kusimulia alichosimuliwa. Faili la filamu ni chombo chenye njia kadhaa: moja ya picha, moja au zaidi za sauti, na nyingine za maandishi. DVD iliruhusu sauti hadi 8 na maandishi hadi 32. Leo kinachotawala kwenye flashi ni MP4 na Matroska, yaani mafaili yanayoishia na mkv. Matroska ilianza mwishoni mwa 2002, na kanuni zake zilichapishwa rasmi Oktoba 2024 kwa jina la RFC 9559. Kila njia ndani yake hubeba lebo. Ipo ya lugha. Ipo ya kuanzia, inayoiambia programu kwamba njia hii inafaa kuchaguliwa yenyewe. Na ipo ya kulazimisha, ambayo huwekwa kwenye maandishi yanayotakiwa kuonekana hata kama mtazamaji hakuyaomba.

Hapa pana kanuni ambayo nataka isomwe polepole. Katika Matroska, njia ya sauti isiyoandikwa lugha yoyote huhesabiwa kuwa ya Kiingereza. Haihesabiwi kuwa haijulikani. Ni ya Kiingereza. Sinema iliyosimuliwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, ikihifadhiwa bila lebo yoyote kuandikwa ndani yake, itajitambulisha kwa programu inayofuata kanuni hiyo kuwa ni ya Kiingereza, na programu iliyoagizwa kutanguliza Kiswahili itairuka ikiwa kuna nyingine yenye lebo ya Kiswahili. Walioandika kanuni hiyo hawakuwa na nia mbaya. Waliihitaji thamani ya kuanzia, wakaandika ile iliyokuwa karibu yao. MP4 ina herufi tatu, und, kwa lugha isiyotajwa, na kwa maoni yangu hiyo ni adabu bora.

Lebo zenyewe nazo zina mipaka. Orodha ya kimataifa ya zamani ya herufi tatu, ISO 639-2, ambayo Matroska iliitegemea, ina swa kwa Kiswahili, run kwa Kirundi, kin kwa Kinyarwanda na suk kwa Kisukuma. Kihangaza hakimo. Kishubi, Kihaya, Kiha na Kizinza havimo. Vyote vinaingizwa kwenye kapu la bnt, lugha nyingine za Kibantu. Orodha pana zaidi, ISO 639-3 ya mwaka 2007, ndiyo iliyovipa namba ya nyumba: han, suj, hay, haq, zin. Kisubi cha Biharamulo kimepewa xsj, tofauti na suj ya Kishubi cha Ngara, na anayeandika lebo kwa haraka atavichanganya siku ya kwanza. Matroska imeongeza sehemu mpya inayoruhusu lebo hizo pana, lakini programu na televisheni za zamani haziisomi. Kwa hiyo msimulizi wa Kihangaza akitokea leo na kurekodi kazi yake kwa uangalifu wote, televisheni nyingi za Ngara zitaonyesha sauti yake kwenye orodha kama kitu kisicho na jina.

Programu huamuaje? VLC, iliyozaliwa katika mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na kuachiwa kwa leseni huria mwaka 2001, inatazama kwanza matakwa ya mtumiaji. Kwenye kompyuta unabonyeza Ctrl na P, unaingia sehemu ya sauti, na mahali pa lugha inayopendelewa unaandika swa, kisha mkato, kisha eng. Sehemu ya maandishi ina nafasi kama hiyo. Kuanzia hapo kila filamu yenye njia ya Kiswahili iliyopewa lebo itaanza kwa Kiswahili, na ikikosekana itaangukia Kiingereza. Usipoandika kitu, VLC inatazama lebo ya kuanzia, na kama nayo haisaidii, inachukua njia ya kwanza. Ukitaka kubadilisha katikati ya filamu, herufi b huzungusha sauti na v huzungusha maandishi. J na k husogeza sauti iliyopishana na picha, g na h husogeza maandishi. Hayo yanatosha kwa kompyuta.

Tatizo ni kwamba Ngara na Biharamulo, kama kwingi Tanzania, filamu haitazamwi kwenye kompyuta. Inatoka dukani kwenye flashi na kuchomekwa nyuma ya televisheni. Televisheni nyingi za bei nafuu hazisumbuki na lebo ya kuanzia. Zinacheza sauti iliyotangulia kwenye faili, basi. Nyingine hazina kibali cha kufungua aina fulani za sauti, hasa DTS, na hapo picha hutembea bila sauti huku mteja akirudi dukani kulalamika kwamba kauziwa muvi mbovu. Mara nyingi muvi ni nzima. Ndani yake kuna njia ya pili, ya AAC, ambayo televisheni ingeicheza kama mtu angejua kubonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti. Mwanafunzi wangu akiniambia kwamba watazamaji wa kijiji fulani hawapendi filamu za Kijapani, nitamuuliza kwanza televisheni zao zinafungua sauti ya aina gani.

Ndiyo maana kijana wa dukani anayejaza flashi ni mtu muhimu kwetu kuliko mkosoaji wa gazeti. Mteja hamuulizi mwongozaji ni nani. Anauliza, "Imetafsiriwa?" Jibu la swali hilo linategemea namna kijana alivyopanga mafolda yake: za Kihindi huku, za Kikorea kule, zilizotafsiriwa peke yake. Huo ni uhifadhi, na ni uainishaji wa lugha, uliofanywa na mtu ambaye hakusoma ukutubi. Akiwa na MKVToolNix, programu ya bure ya Moritz Bunkus, anaweza kufanya zaidi: achukue sauti ya msimulizi iliyorekodiwa peke yake, aiweke ndani ya faili pamoja na ile ya asili, aiandike swa, aitangulize mbele kwa ajili ya televisheni zisizosoma lebo, na aiwekee alama ya kuanzia. Picha haiguswi wala haikandamizwi upya, kwa hiyo kazi ni ya muda mfupi hata kwenye kompyuta dhaifu. Na kama faili lipo tayari ila lebo ndiyo mbovu, chombo kidogo kinachokuja na programu hiyohiyo, mkvpropedit, huirekebisha papo hapo.

Fikirini maana yake kwa msimulizi. Sauti yake haitakuwa tena juu ya waigizaji. Itakuwa kando yao. Bibi atasikia Kiswahili, na mjukuu anayejifunza Kiingereza atabonyeza mara moja asikie kingine. Kinachohitajika ni msimulizi akubali kuhifadhi rekodi yake kabla haijakorogwa, na hilo si jambo la fundi tena. Wengine watasita, kwa sababu kukoroga ndiko kunakomzuia mshindani kuichukua picha na kubandika sauti yake.

Kuhusu maandishi ya chini nitasema kwa ufupi, maana vitabu vimejaa. Jorge Díaz Cintas na Aline Remael walizieleza kanuni zake mwaka 2007 kwa ukamilifu: mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari katika viwango vya sasa, muda wa kutosha kusoma. Kinachohitaji nyongeza ni Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa mkupuo, kinakuwa kirefu, na hakikatiki katikati ya mstari bila kumkwaza msomaji. Faili la SRT linalopewa jina sawa na la filamu na kuwekwa folda moja nayo, VLC italichukua lenyewe. Ila lihifadhiwe kwa UTF-8 na litumie ritifaa iliyonyooka; ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, hugeuza kila ng'ombe kuwa alama za ajabu kwenye deki za zamani. Nimeona tafsiri nzuri ikihukumiwa kuwa kazi ya ovyo kwa sababu ya alama hiyo moja.

Zito zaidi ni lebo ya kulazimisha. Iliundwa kwa ajili ya filamu ya lugha moja yenye tukio fupi la lugha nyingine: maandishi yajitokeze hapo tu, kisha yajifiche. Chukueni sasa filamu ya Kiswahili yenye dakika tano za Kirundi. Msukuma wa Biharamulo anayahitaji maandishi. Mhangaza wa Kabanga hayahitaji, na huenda yakamwudhi kwa sababu yanamwambia kwa upungufu kile alichokwisha kukisikia kwa ukamilifu. Kanuni imedhani kwamba mgeni ni mmoja kwa watazamaji wote. Hapa mpaka wa ugeni unapita katikati ya mkoa mmoja, wakati mwingine katikati ya benchi moja, na sijaona mfumo wowote wa lebo unaoweza kuuonyesha.

Msidhani haya yanahusu burudani pekee. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, kukata na kufukia mimea iliyougua na kusafisha panga kwa moto vikawa elimu ya lazima kwa kila kaya yenye shamba. Video za kilimo kwa lugha za ukanda huu zipo. Access Agriculture, kwa mfano, huzitoa kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi. Afisa ugani akifungua video mbele ya wakulima ikaanza kwa Kiingereza, na yeye hajui kitufe kiko wapi, dakika za kwanza zinapotea, na wale wa nyuma huanza mazungumzo yao. Hakuna aliyetafsiri vibaya hapo.

Neno juu ya sheria na heshima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri, na sehemu kubwa ya tunachokichunguza haikuombewa ruhusa hiyo. Mtafiti hawi polisi, wala hawi wakili wa mtu. Msiandike jina la duka, msipige picha ya mwenye banda bila ridhaa yake, na msitoe faili mliloazimwa kwa ajili ya utafiti likaanza kuuzwa mji wa jirani. Kanda za VHS za wasimulizi wa mwanzo zinaharibika huku sisi tukijadiliana. Anayezinakili apange leo nani atazitunza na nani ataruhusiwa kuzisikiliza.

Sura zinazofuata zinakwenda kwa mpangilio huo: wasimulizi, studio, mafaili, maandishi, kisha maadili. Kabla ya kufungua ya kwanza, tafuteni flashi moja iliyojazwa dukani, ya kwenu au ya jirani aliyeridhia. Chagueni filamu tatu. Kwa kila moja andikeni njia za sauti zilizomo, lebo ya lugha iliyoandikwa, lugha inayosikika kweli, na ile iliyoanza yenyewe mlipochomeka kwenye televisheni. Kisha muulizeni mwenye flashi kama aliwahi kubadilisha sauti, na kama hakuwahi, nani nyumbani huwa ameshika rimoti.